Jogoo wa Hesabu za Dripu

Paskalina alikuwa na sapu moja tu, lakini hiyo moja ilimkalia shingoni kama gunia la viazi. Sapu ya hesabu za dawa. Pale chuo cha uuguzi Katesh mambo ya sapu hayakuwa na kona: mtihani wa marudio ukikukataa, umedisko. Na kudisko si jina kubandikwa kwenye ubao wa matangazo tu. Kudisko ni kurudisha godoro la hosteli, kufunga begi huku wenzako wakijifanya hawakuoni, halafu kupanda bodaboda mchana kweupe kurudi Endasak, kijiji kizima kikijua kwamba uliondoka nesi na umerudi Paskalina.

Mikono yake haikuwa na shida yoyote. Kutandika kitanda, kumgeuza mgonjwa, kufunga kidonda, hapo hata wa mwaka wa juu walikuwa wanakuja kuchungulia. Shida ilikuwa namba. Ukimwambia mtoto ana kilo kadhaa, dawa ina miligramu kadhaa kwenye kijiko, mpe kiasi gani, kichwa chake kilifunga milango kama maduka siku ya msiba.

Na msaada ulikuwepo, si kwamba haukuwepo. Kila mwisho wa kipindi mwalimu wao, Madam Konsolata, aliweka chaki chini, akapangusa mikono na kuuliza, "Kuna swali?" Paskalina alikuwa anaangalia dawati. Alikotoka yeye, mtu mzima akimaliza kusema unashukuru. Ukianza tena kumwuliza, ni kama unamwambia, mzee, umeongea lakini hujasema kitu. Basi Madam akiuliza kuna swali, darasa linatulia kama kanisa, isipokuwa mtu mmoja kule mbele.

"Madam, mimi!"

Huyo ndiye Raudha, binti wa Mzee Idrisa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Raudha alilelewa nyuma ya kaunta. Kabla hajajua kuvaa viatu alishajua kurudisha chenji. Alikuwa anamwuliza Madam swali, akijibiwa analiuliza jibu lenyewe, mpaka Madam anaomba maji. Na hesabu za dawa kwake zilikuwa kama kutafuna karanga.

Paskalina akaamua: huyu ndiye wa kunisaidia. Sasa, kuamua ni kazi moja na kusema ni kazi nyingine.

Kwao Endasak mtu hasimami mlangoni kwa jirani na kutangaza, njoo unisaidie. Ukiwa umeugua na mahindi yako yamemezwa na majani, watu wanapita njiani wanaona. Asubuhi moja unasikia majembe shambani, unatoka, unakuta wameshafika katikati, wewe kazi yako ni kutafuta uji. Ukienda kuomba kwa mdomo, umemtukana jirani. Umemwambia hana macho. Unachoweza kufanya, shida ikizidi, ni kusogea karibu. Unaenda kwake, unakaa, mnaongea habari za ng'ombe, na mtu mwenye malezi atajiongeza mwenyewe na kukuuliza: haya mwenzetu, kuna jambo? Hapo ndipo unafungua mdomo.

Kwa hiyo Jumamosi Paskalina akasogea karibu. Akaenda mpaka Jorodom, kwa kina Raudha, kwenye nyumba waliyoijenga upya baada ya tope la Mlima Hanang kuichukua ile ya kwanza. Akavua viatu mlangoni, akampigia mama mwenye nyumba shikamoo ya magoti. Akakaribishwa vizuri kuliko alivyotegemea. Chai ya maziwa, maandazi, chapati zinang'aa mafuta. Wakaongea. Mvua, mtandao wa simu, nguo za sare zinavyopauka. Akasubiri aulizwe. Hakuulizwa. Jua likaanza kushuka, akaaga.

Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Safari hii begi la daftari akaliweka mapajani na zipu akaiacha wazi kidogo, ili mwenye macho aone. Wakamwekea pilau. Ya tatu, wakamfungia na sambusa za kwenda nazo hosteli.

"Mwenzako ana adabu huyu," Mama Raudha akamwambia bintiye, Paskalina akiwa anavaa viatu nje na anasikia. "Hana haraka, hana maneno. Anapenda watu tu."

Mwisho wa mwezi Paskalina alikuwa ameongezeka mashavu, na hesabu zilikuwa palepale zilipoachwa. Sapu ilikuwa inakuja. Mama yake kijijini alijua ipo, lakini kwenye simu hakuigusa, kama mtu anavyokwepa kukanyaga mguu wenye jeraha. Ikabidi Paskalina ampigie Baba mkubwa Akonaay, kaka wa marehemu baba yake, ambaye ndiye alikuwa mtu wa mambo mazito kwenye ukoo.

"Umeenda mara ngapi?" Baba mkubwa akauliza.

"Kila Jumamosi, baba."

"Na wamekukaribisha?"

"Sana. Mpaka sketi inabana."

"Na hawajakuuliza una jambo gani?"

"Hawajaniuliza."

Kwa mbali ndama akalia.

"Basi hilo si la mtoto," Baba mkubwa akasema. "Hilo linataka mtu mzima."

Jumamosi Mzee Akonaay akashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya Mzee Idrisa. Alikuwa amevaa koti la kanisani, kofia, fimbo mkononi. Mkono wa pili alikuwa na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, aliyesafiri kichwa chini kutoka Endasak na sasa alikuwa anaangalia Jorodom kwa hasira. Dereva akashusha kiroba cha maharage. Paskalina akatembea nyuma ya Baba mkubwa, kichwa chini, kama inavyotakiwa.

"Jogoo tumemleta mzima," Mzee Akonaay akamwambia Mama Raudha baada ya salamu. "Tunajua nyinyi mna taratibu zenu za kuchinja. Hatukutaka kuharibu."

Mama Raudha akampokea jogoo. Akaangalia koti, akaangalia kiroba, akamwangalia Paskalina aliyeinamisha uso. Kuna kitu kikabadilika machoni mwake, Paskalina akakiona lakini hakukielewa. Mama akaita kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia humo ndani: "Baba Raudha! Funga duka uje."

Mzee Idrisa akaja na tepu ya kupimia ikiwa bado mfukoni. Wazee wakakaa. Mzee Akonaay hakuwa mtu wa kuparamia jambo. Akaanza na mvua. Akatoka kwenye mvua akaingia kwenye mbaazi, akapita kwa ng'ombe, akafika kwenye lile tope la mwaka ule.

"Tulikuja hapa na majembe," akasema. "Sisi wa Endasak. Hakuna aliyetuita. Tuliona."

"Kweli kabisa," Mzee Idrisa akasema. "Mlitufaa sana, mzee wangu."

"Basi sisi ni watu ambao tumeshajuana."

"Tumeshajuana," Mzee Idrisa akakubali, akanywa maji.

"Na huyu binti yetu amekuwa anakuja hapa. Akirudi anasifia. Nyumba ina heshima, anasema. Na binti yenu amelelewa. Tena ana akili."

Mzee Idrisa akamaliza maji yote, akaomba mengine. Kwenye pazia la korido Paskalina akaona jicho moja la Raudha, limetoka kama kikombe cha kahawa. Halafu mkono ukatoka kwenye pazia, ukamkamata, ukamvuta mpaka jikoni. Raudha akafunga mlango kwa kisigino.

"Nani?" akanong'ona.

"Nani nini?"

"Anayenitaka! Kaka yako? Binamu? Paskalina, usiniambie ni huyo mzee mwenyewe."

"Anakutaka kufanya nini?"

"Kunioa! Unadhani sisi hatuna akili? Mtu mzima kaja na koti, na jogoo, na gunia, kakaa anasifia malezi yangu! Mama presha imeshapanda. Baba unaona anavyokunywa maji? Baba hanywi maji! Na mimi nilikuchukulia rafiki, kumbe ulikuwa unakuja kunipima kila Jumamosi, ninakaaje, ninapikaje..."

"Siyo hivyo, Raudha."

"Basi huyo babu kafuata nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Lile alilolisubiri kwenye chai, kwenye pilau, kwenye sambusa. Sasa limekuja, na Paskalina akakuta maneno aliyoyaandaa yote yamekimbia. Sebuleni Baba mkubwa alikuwa ameingia kwenye habari za dume la ng'ombe, na kwa mwendo ule jambo lenyewe lingefikiwa baada ya Magharibi. Kama kuna aibu, akaona, basi iwe ya haraka, kama sindano.

"Mimi hesabu za dawa sijui," akasema. "Nina sapu. Nikifeli, nadisko. Nilikuwa nakuja ili unifundishe."

Raudha akamwangalia kama anayemwangalia mteja aliyetaka misumari ya mkate.

"Jumamosi zote zile?"

"Zote."

"Ndiyo maana ya begi?"

"Zipu nilikuwa naiacha wazi ili uone daftari."

"Niliiona! Nikajua zipu imekufa. Nimekutafutia begi langu la zamani, liko chumbani, nilikuwa nawaza nikupeje usione nakudharau!" Raudha akashika kichwa. "Wewe! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize? Mgeni ana kikombe mkononi, nimuulize kafuata nini? Mama angenichuna ngozi! Kwetu ukimwuliza mgeni hivyo, umemwonyesha mlango. Mgeni mwenyewe akiwa na shida ataisema."

"Kwetu mwenyeji ndiye anauliza."

"Kwetu mgeni ndiye anasema."

Wakaangaliana. Aliyeanza kucheka haijulikani, lakini muda mfupi baadaye Raudha alikuwa ameshikilia ndoo ya maji asianguke, na Paskalina amekaa chini kwenye sakafu ya saruji, machozi yanatoka, karibu na jogoo ambaye naye alikuwa na maoni yake. Mama Raudha akafungua mlango kwa nguvu.

"Kuna la kucheka hapa?"

"Mama, ni hesabu!" Raudha akasema, anatafuta pumzi. "Wamekuja kuomba nimfundishe hesabu!"

Mama Raudha akaegemea mlango, mkono kifuani, akatoa pumzi ndefu iliyopeperusha ncha ya mtandio wake. "Hesabu," akasema taratibu, kama jina la mtoto aliyepotea na kuonekana. "Alhamdulillahi. Hesabu tu." Akarudi sebuleni karibu anakimbia.

Kicheko cha Mzee Idrisa kilisikika mpaka barabarani.

"Mzee wangu," akamwambia Mzee Akonaay, "saa nzima natafuta maneno ya kukataa bila kukuvunjia heshima!"

"Na mimi," Mzee Akonaay akajibu, "saa nzima natafuta maneno ya kuanzia."

Jogoo akaliwa siku hiyohiyo. Mzee Akonaay akapewa paja, akarudi Endasak na kilo ya misumari ambayo hakuiomba.

Sasa mtu angedhani shida imeisha. Ilikuwa imebadilisha nguo tu.

Raudha alifundisha kama anavyouza: kwa kasi, kwa sauti, huku anagonga meza. Ujazo, mara matone ya mrija, gawanya kwa dakika. Umeelewa? Paskalina anasema ndiyo. Kilo za mtoto, mara miligramu, gawanya kwa nguvu ya dawa. Umeelewa? Ndiyo. Raudha akawa anaenda kulala na furaha yake. Akaja kumpa maswali ya kujipima, Paskalina akakosa karibu yote.

"Lakini ulisema umeelewa!"

"Ulikuwa umefundisha kwa bidii," Paskalina akasema, anaangalia vidole vyake. "Ningesema sijaelewa ungejisikia vibaya."

Raudha hakugonga meza safari hii. Hiyo kwake haikuwa kawaida. Akavuta karatasi, akachora dripu.

"Haya, mimi nimechoka kufundisha. Nakaa hapa nafanya mwenyewe, wewe angalia. Mgonjwa anatakiwa kupata mililita mia tano kwa masaa manne. Mrija unatoa matone ishirini kwa mililita moja. Mia tano mara ishirini, elfu kumi. Gawanya kwa nne. Napata matone elfu mbili na mia tano kwa dakika." Akapiga mstari chini ya jibu. "Sawa?"

Paskalina akaangalia lile jibu. Akaangalia dirishani. "Sawa," akasema kwa sauti ndogo.

"Sawa?"

"Ni... sawa."

"Paskalina, matone elfu mbili na mia tano kwa dakika! Hiyo ni dripu au bomba la Idara ya Maji? Mgonjwa ameshaelea mpaka Singida!"

"Niliona," Paskalina akasema. "Hukugeuza masaa kuwa dakika. Ni mia mbili na arobaini. Jibu ni arobaini na mbili hivi."

Raudha akaweka kalamu chini polepole.

"Umeona. Umejua kosa liko wapi. Umejua na jibu."

"Nilidhani utajirekebisha mwenyewe. Si vizuri kumwambia mtu amekosea kwake, mezani kwake."

"Kwa hiyo mgonjwa afe, mimi nibaki na heshima yangu?"

Paskalina alitaka kucheka kama siku ile ya jikoni, lakini hakucheka. Aliona wodi. Akaona kitanda, mtu halisi na mkono wenye sindano, na yeye amesimama pembeni, anajua, anaangalia dirishani kwa adabu.

"Nipe kalamu," akasema.

Tangu hapo wakabadilisha. Raudha alikatazwa neno "umeelewa". Akilisema, anaosha vyombo vyote vya chakula cha mchana, na Mama Raudha ndiye mwamuzi. Kazi yake ikawa kukokotoa na kukosea kwa makusudi. Kazi ya Paskalina ikawa kumkamata. Siku za mwanzo alimkamata kwa kuomba radhi: "Samahani Raudha, kama hutajali, hapo mtoto ataathirika kidogo." Baadaye akapunguza samahani. Ikafika siku akagonga meza, "Umeua!", Mzee Idrisa akatoka dukani mbio kuja kuangalia nani kauawa. Na namba zilipoacha kuwa kitu anachoambiwa na mwenye kujua, zikawa kazi ya mikono kama kidonda na bandeji. Kichwa kikafungua milango.

Siku ya sapu walikuwa darasa moja, wote wa marudio. Madam Konsolata akagawa karatasi, akakaa mbele. Paskalina akafanya la kwanza. Akafanya la pili. Kwenye la tatu akasimama. Ilikuwa dripu, na pale panapotakiwa namba ya matone ya mrija palikuwa na doa jeusi la wino wa mashine. Inaweza kuwa kumi, inaweza kuwa ishirini, inaweza kuwa inzi.

Akainua macho. Jirani yake Onesphory, wa kutoka Dongobesh, alikuwa anaangalia doa lilelile kwa heshima kubwa. Mbele yake Evaline amesogeza karatasi karibu na pua. Darasa zima limekwama kwenye doa, na hakuna anayepumua kwa nguvu. Paskalina akahesabu ndani: akikisia vibaya, alama zote za swali zimekwenda, na pengine na sare yake. Mkono wake ukaanza kupanda. Aliuona unapanda kama mkono wa mtu mwingine.

"Samahani Madam. Swali la tatu, namba haisomeki."

Madam Konsolata akaja, akaichukua karatasi, akaigeuza kwenye mwanga. Akaangalia darasa. "Nani mwingine haoni?"

Mikono ikapanda, mmoja, miwili, yote.

"Sasa mlikuwa mnasubiri nini?"

Madam akatikisa kichwa, lakini mdomoni alikuwa anabana tabasamu. Naye alizaliwa hukohuko, ambako mtu mzima akimaliza kusema unashukuru. Akaandika kwa chaki: ishirini. Darasa lote likatoa pumzi pamoja, na kalamu zikaanza kukimbia. Kabla hajarudi kukaa, Madam akagusa bega la Paskalina kwa kidole kimoja tu, akapita.

Matokeo yalikuja kwenye mfumo wa chuo, Alhamisi, wakati mtandao umejaa watu. Paskalina alikataa kuangalia. Akampa Raudha simu, akageukia ukuta wa hosteli na kuanza kusoma tangazo la usafi wa vyoo, neno kwa neno.

"Inazunguka," Raudha akasema. "Bado inazunguka. Inazunguka. Subiri... Paskalina."

Paskalina akaendelea kusoma tangazo.

"Paskalina, geuka."

"Sema hapohapo ulipo."

"Umepita! Umepita, wewe mtoto wa watu! Tena na alama nzuri, njoo uone, usinilazimishe kulia, nina wanja!"

Paskalina hakwenda kuona. Akakaa palepale kwenye ngazi ya hosteli yenye maji ya kudekia, na sare yake nyeupe, na wala hakusimama. Hewa ilimwingia mpaka mahali ambapo haikuwa imefika tangu alipobandikiwa sapu. Raudha akaja akakaa kwenye maji naye, kwa kelele, bega kwa bega.

Akapiga nyumbani.

"Mama, shikamoo. Yale matokeo yametoka. Nimepita. Naendelea na chuo."

"Haya," mama yake akasema, sauti imenyooka kama mtu anayepokea habari za bei ya chumvi. "Haya mwanangu. Ni vizuri. Umekula?"

"Nitakula, mama."

"Kula. Haya, tutaongea."

Lakini simu hakuikata. Kuikata hakujawahi kuwa kazi yake, huwa inakatwa na wajukuu. Paskalina akasikia inawekwa juu ya kitu kigumu, akasikia mlango. Halafu ikaja kwa mbali, kutoka uani, sauti ambayo hajawahi kuisikia ikitoka kwa yule mwanamke mpole: kigelegele kimoja kirefu, chembamba, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Mbwa wakaanza kubweka. Mtu akauliza kitu kutoka ng'ambo ya shamba, na mama yake akajibu kwa kupiga kelele, kwa Kiiraqw, jina la Paskalina likiwa ndani, na kigelegele cha pili kikadakia kutoka nyumba ya jirani, na cha tatu chini zaidi.

Raudha alikuwa ameinamisha sikio kwenye simu. "Wanasema nini?"

"Shh," Paskalina akasema, anacheka na kufuta pua kwa mkono wa sare. "Usikate. Acha salio liishe."